Kiti Kilichokaliwa Mara Tisa

Karakana, nyuma ya stoo
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na hiyo usiigawe, ni yako peke yako. Ya Mama nimeiweka mwisho wa barua. Natumai mnaamka salama, mgongo wako umekuonea huruma tangu mwezi uliopita, na Mama bado anawashinda wote kwa kulalamika kwamba redio iko chini. Mimi ni mzima kuliko nilivyo kwenye picha. Nimenenepa kidogo, wasichana wa huku wanasema nimependeza, nami sina tabia ya kubishana na watu wanaosema kweli.

Ule uzi ulionitumia nimeupata, na mafundo yako mawili yamefika bila kufunguka, la kiunoni na la nyuma ya goti. Najua ulicheka. Ulisema kwenye simu kwamba bila shaka namshonea Mama gauni, na kwamba fundi anayepima gauni kutoka kiunoni mpaka nyuma ya goti, mtu akiwa ameketi, ni fundi wa kufungwa jela. Vumilia. Uzi huo ndio sababu ya barua hii. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nikikwama natania, na nikitania unakata. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini naomba uimalize kwanza.

Nianze na kazi. Nilipokwambia nimepata kazi katika shirika hili ulininunia wiki mbili, na sikukulaumu. Ni hawa hawa waliompima Mama hospitali miaka minane iliyopita, baada ya miguu yake kugoma, wakaahidi kumletea kiti cha magurudumu, na kiti hatukukiona. Tangu siku hizo ukisikia jina lao unasema waongo hao, watu wa ahadi na picha za ukutani. Mimi nilikujibu kwamba kazi ni kazi. Hilo nalo tutalirudia.

Niliingia kwa mdomo, kama kawaida. Mkuu wa hapa ni mama mmoja mfupi tunayemwita Bi Miwani, kwa sababu anazo mbili na zote huzitafuta. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia nilisoma mpaka shule yenyewe ikaniomba nikapumzike. Nikaongeza kwamba baiskeli yoyote naifufua nikiwa nimefumba macho, sasa kiti chenye magurudumu manne si ni baiskeli mbili tu zimeshikana mikono? Hakucheka. Alinipa spana na kiti kilichokufa. Kufikia saa sita kilikuwa kinatembea, nami nilikuwa nimeajiriwa.

Sasa nikueleze mambo niliyoyakuta, na uniamini, maana unajua mimi nikiongeza chumvi huwa naongeza upande wangu, si upande wa wengine.

Hapa, dada, hakuna kitu kinachotoka kwenda kwa mtu kabla mfanyakazi hajashinda nacho. Ndivyo wanavyosema, kushinda nacho. Watu wa mtaa wanaleta viatu, makoti, magodoro, na sisi hatugawi siku hiyo. Mlinzi anazunguka uzio kwa viatu vilivyoletwa mpaka ajue vinauma wapi. Mhasibu analala kwenye godoro mchana mzima sakafuni mwa ofisi, anaandika mahali springi inapochoma, watu wanamruka wakipita na mafaili. Siku moja ya jua kali nilimkuta Bi Miwani amevaa koti zito la sufu tangu asubuhi, jasho linamtoka puani. Nikamuuliza kama anaumwa. Akaniambia koti lina mfuko mbovu wa ndani, na mzee atakayelivaa ataweka humo dawa zake, afadhali zimdondoke yeye kwanza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipoinuka alikuwa bado amelivaa, anashona mfuko.

Na si vitu tu. Ijumaa ya mwisho wa kila mwezi kila mmoja wetu anatoa nusu siku ya kile anachokijua. Mhasibu, mtu wa tai na kalamu tatu, anawanyoa wazee ndevu. Mlinzi anawakata kucha, na ana mikono laini kuliko yako. Fundi cherehani wa jirani, mwanamke ambaye hata si mwajiriwa, anafunga duka lake na kuja kushona mito ya viti. Mimi nilijitangaza kwamba nitatengeneza baiskeli za watoto wa mtaa bure. Nilidhani watakuja wanne. Foleni ilifika kwenye kona, na mmoja alileta gurudumu peke yake, akaniomba nimmalizie iliyobaki.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni jinsi wanavyopeleka. Gari letu halina hata herufi moja ubavuni. Dereva wetu ni Mzee Honi, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuipiga. Yeye huegesha mbali, nyumba tatu au nne kabla, halafu anakwenda kwa miguu mpaka mlangoni, mikono mitupu, anauliza kwa sauti ya chini kama hapa ndipo kwa fulani. Wenye nyumba wakisema ndipo, anarudi kuleta mzigo. Wakisema sipo, anaomba radhi kwa kupotea njia na kuondoka, hata kama fulani mwenyewe ameketi pale barazani anamtazama. Kubishana ni mwiko. Nilimtania kwamba tunagawa vitu kama wezi wanaorudisha mali. Akanijibu kwamba mtu anayekataa ana sababu yake, na sababu ya mtu hatuivui nguo mbele ya majirani.

Mimi na kushinda na vitu hatukuelewana mwanzoni. Kila kiti ninachotengeneza ilinibidi nikikalie kutwa, asubuhi mpaka jioni, bila kuinuka. Nikajiona fundi mkubwa mno kwa mchezo huo. Kiti cha tano nikakiandikia kwenye kitabu kwamba nimeshinda nacho, na sikukikalia hata dakika. Mzee Honi aliinama, akatazama matairi, akaniuliza ilikuwaje nishinde nacho hewani. Matairi hayakuwa na hata vumbi. Bi Miwani hakunigombeza, aliniambia tu kwamba kesho nitashinda nacho nje.

Dada, siku ile ilinikalisha kweli. Saa nne nilitaka maji, bomba likawa juu kuliko mkono wangu. Mlango wa choo cha karakana, ambao naupita kila siku nikipiga mluzi, ulikuwa mwembamba kuliko kiti kwa vidole viwili. Mchana tulikwenda kununua waya duka la mtaa wa pili, ambako hawanijui, Mzee Honi akinisukuma. Mwenye duka alimtazama Mzee Honi juu ya kichwa changu, akamuuliza mgonjwa wake anataka nini. Mgonjwa wake! Mimi! Nikamtajia waya ninaoutaka, naye akangoja Mzee Honi aurudie. Na riveti moja ya kitini, niliyoigonga mwenyewe na kuisifia, ilianza kunichoma paja saa tano. Ilipofika saa tisa nilikuwa nimeulaani ukoo mzima wa aliyeigonga, ndipo nikakumbuka ni ukoo wetu.

Tangu siku ile sijaruka kiti hata kimoja. Na tangu siku ile nilikuwa nikimfikiria Mama kwenye kile kiti chake cha plastiki, na wewe unayembeba mgongoni kutoka kitandani mpaka uani, halafu unamrudisha. Nilihesabu hatua kichwani. Nikaacha kuhesabu.

Sasa nakuja kwenye rafu ya juu.

Mwishoni mwa karakana kuna rafu ndefu, na juu yake kulikuwa na kiti kimoja kimefunikwa shuka safi. Nilipoanza kazi niliambiwa nisikiguse, kina mwenyewe. Mwezi uliopita Mzee Honi alikishusha, akanipa grisi nipake beringi, akasema leo ni zamu yake kushinda nacho. Alisema hushinda nacho siku moja kila mwaka ili kisigande, na kwamba hii ni mara ya nane. Nikamuuliza mwenyewe ni nani, mfalme? Akanionyesha kikaratasi kilichofungwa kwa waya chini ya kiti.

Lilikuwa jina la Mama, dada. Lile refu la kwenye kitambulisho, ambalo hata yeye akiitwa nalo hageuki. Chini yake vipimo vya kiuno na mguu, kwa mwandiko wa hospitali.

Nilikipaka kikaratasi grisi yote ya vidoleni. Usidhani ni kwa mshangao tu. Nilikuwa nakijua kiti hicho. Nilishawahi kukiona.

Hawakudanganya, dada. Walikileta.

Ilikuwa mchana, kwenye ile nyumba ya zamani tuliyopanga. Wewe ulikuwa kazini, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimesimama mlangoni na wenzangu wote wa mpira. Unanikumbuka nilivyokuwa. Nilikuwa nimewaambia kwamba Mama amepona, anatembea, tena anakimbia, na kwamba hatoki nje kwa sababu tu hapendi vumbi. Gari likaja likasimama mbele yetu kabisa, maandishi makubwa ubavuni ya kusaidia wasiojiweza, na kiti kinaonekana nyuma. Mwanamume akashuka akaniuliza kwa sauti kama hapa ndipo kwa mama asiyeweza kutembea. Wenzangu wakanigeukia. Nikamwambia hapana, hapa hakuna mtu kama huyo, mama yetu amekwenda sokoni kwa miguu yake.

Na Mama akaita kutoka ndani. Aliuliza ni nani hapo. Nikamjibu, kwa sauti ili wote wasikie, kwamba ni watu wamepotea njia.

Nilidhani watarudi kesho yake, wenzangu wakiwa hawapo. Hawakurudi kesho, na kabla mwezi haujaisha mwenye nyumba alituhamisha. Kila ulipowaita waongo nilikaa kimya, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nilikuitikia. Niliomba kazi hapa nikidhani nitachomoa kiti kimoja kimyakimya, nikuletee kama zawadi ya mshahara wangu, unisifu, na mambo yaishe. Hiyo ndiyo kazi ni kazi yangu.

Kwa siku kumi sikumwambia mtu. Siku ya kumi na moja nilimfuata Mzee Honi akiosha gari, nikamweleza yote. Hakuacha kuosha. Akaniambia yule mwanamume wa gari alikuwa yeye, na mdomo wangu aliutambua wiki ya kwanza, ila sura ilikuwa imerefuka, hakuwa na uhakika, na jambo kama hilo mtu haulizwi, anangojwa. Nikamuuliza kama siku ile alijua nasema uongo. Akasema sauti ya mama yetu aliisikia vizuri sana. Alirudi baada ya wiki tatu, kwa miguu, peke yake, akakuta tumehama. Hospitali walikuwa na anwani ile ile ya zamani.

Halafu akaniambia jambo ambalo mpaka sasa nikilikumbuka nasimama na spana mkononi kama mjinga. Akasema jioni ya siku ile aliporudi na kiti hakuniita mtoto mbaya. Alimwambia Bi Miwani kwamba kuna mtoto amelazimika kumkana mama yake hadharani, na kwamba waliomlazimisha ni sisi, kwa gari letu na maandishi yetu na sauti yetu. Wiki ile wakafuta herufi zote ubavuni. Wakaanza kuegesha mbali. Wakakubaliana kwamba mzigo haushuki mpaka mwenye nyumba aseme ndipo, na kiti cha aliyekataa kinangoja, kwa sababu aliyekataa leo hajakataa maisha yake yote. Taratibu zile nilizokuwa nazicheka, dada, zile za wezi wanaorudisha mali, zilizaliwa mlangoni petu. Mimi nilikuwa naficha uongo wangu miaka minane, na watu hawa miaka hiyo hiyo walikuwa wanaushughulikia kama kosa lao. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia kama mtoto wa kunyonya, na ukimwambia mtu nitakana.

Kwa uzi wako nimekipunguza kiti vidole viwili kutoka mgongoni mpaka ukingo wa mbele, maana Mama amepungua. Fundi cherehani ameshona mto mpya. Juzi nimeshinda nacho mimi, mara ya tisa hiyo, asubuhi mpaka jioni, na hakina riveti inayochoma. Nimeipapasa kila moja.

Jumamosi saa nne tutakuja. Naomba kabla ya hapo umsomee Mama barua hii yote, na ile sehemu yangu usiipunguze makali. Gari litasimama kwenye kona, nami nitabaki ndani yake. Mzee Honi atakuja kwa miguu, atauliza anachouliza siku zote. Mkiwa bado mna hasira nami, mwambieni amepotea njia. Ataomba radhi, tutarudi, na kiti kitapanda rafuni kikiwa bado ni chake. Nina haki gani ya kulalamika?

Lakini wewe usimjibu, dada. Fungua mlango tu. Siku ile Mama aliuliza ni nani, nikamjibia. Safari hii aulizwe yeye, ajibu yeye.

Wasalimie majirani wote, hata yule anayeniita Kasuku. Ile shikamoo ya Mama niliyosema nimeiweka mwisho nimejaribu kuiandika mara tatu, haitoshi kwenye karatasi. Nitakuja nayo garini.

Ni mimi mdogo wako mtukutu,
Kasuku