Jina la Aliyeenda Keya

Jumanne, Homa Bay

Sijui kwa nini nilimdanganya Dani Apondi. Nyanya wa watu alikuja shuleni leo kwa miguu, kisa wajukuu walimsomea blogu yangu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitukuu amezaliwa, na anataka apewe jina la babu yake yeye, mpagazi aliyechukuliwa na Wazungu asirudi.

“Nyumbani walimwita Keya tu. Wewe mwalimu uko na makaratasi, nitafutie jina lake.”

Keya ni KAR, jeshi lenyewe la Wazungu, si jina! Na makaratasi gani? Niliyoyaona yanahesabu wapagazi kama magunia. Jina sijawahi kukuta hata moja.

Nikamwambia nitalipata.

Akanishika mkono kunishukuru. “Ero kamano, mwalimu. Basi mtoto atasubiri.”