Ndoana ya Kambare

Jumamosi jioni

Mpaka sasa najiuliza kwa nini nimemdanganya yule mama wa dukani. Nilimwomba ndoana kubwa na mshipi mnene wa kambare, akaanza kucheka. "Shikamoo mzee! Miaka yote unachukua ndoana ndogo za sato. Leo mama kakubali kambare aingie jikoni kwake?"

"Marahaba," nikasema. "Ndiyo, kakubali."

Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike mke wangu Adela kibanjani, kwenye shamba letu la migomba.

Kwenye ukoo wao samaki asiye na magamba ni mwiko, hata kumgusa. Basi miaka thelathini ya ndoa nimevua sato tu, kwa minyoo ninayochimba chini ya migomba, wenzangu wakinicheka kule ziwani. Na nilivyokuwa nikimnung'unikia! Mungu anisamehe.

Leo chambo kilikuwa utumbo wa kuku. Nikaiacha ndoana ikae chini kabisa, kwenye tope, na kambare akaja, mnene kuliko mkono wangu. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu.

Nyumbani nilimkata vipande, nikachukua sufuria ya Adela ya samaki. Bado inang'aa, alivyoisugua mwenyewe kwa majivu. Nikairudisha mahali pake. Kambare nimempikia nje, kwenye mafiga matatu, kwa sufuria ya maji ya kuoga.

Alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Nimemla peke yangu, nimesimama.

Halafu nimenawa mikono kwa sabuni mara mbili, ndipo nikaingia ndani.