Mwalimu Aliyejisifia Alama za Babu

Perpetua wee, nimetoka kwa babu Gidahosh sasa hivi, hasira hazijaniisha!

Mwaka 1956 alikuwa shule ya kati kule Mbulu. Jometri ilimtoa jasho, kila mtihani anashika mkia. Mwalimu wake, bwana wa viatu vya kung'aa na kichwa kitupu, babu akimuuliza swali anacheka, anamwita kwa jina la baba yake: "Mtoto wa Gehandu, rudi ukachunge." ANACHEKA, Perpetua. Mwalimu mzima!

Aliyemsaidia ni Hasani, mwanafunzi mwenzake, wazazi wake walikuwa na duka Dongobesh. Alikata pembetatu kwenye karatasi ya kufungia sukari, akachana pembe zote tatu, akazipanga pamoja. Zikanyooka mstari mmoja! Hapo ndipo babu akaelewa kwa nini jumla yake ni nyuzi 180. Wakaendelea hivyo kila jioni, na mwisho wa muhula babu akawa wa tatu darasani.

Sasa sikia uchafu. Akaja mkaguzi Mzungu, akazisifia zile alama. Yule mwalimu kifua mbele: "Huyu nimemnoa mwenyewe."

NIMEMNOA MWENYEWE! Hata haya hana.

Mkaguzi akamgeukia babu: "Ni kweli?"

Kumpinga mwalimu enzi hizo ni viboko, lakini babu akajibu:

"Hapana, bwana. Amenifundisha Hasani, yule pale."

Mwalimu akajifanya anafuta ubao.

Viboko babu alivila kesho yake. Nikamuuliza kama alijuta. Akacheka: "Nijute nini? Mkaguzi alimpa Hasani mkono mbele ya darasa zima. Yule mwalimu hakupewa hata kwaheri."