Ufunguo Ambao Hakuna Aliyeuomba

Komarock, Jumapili asubuhi

Mpendwa Baba Nuru,

Nimekaa mezani upande wako, kwa sababu mwanga wa asubuhi unaingia vizuri huku. Nuru bado amelala. Tangu ulipotutoka nimekuwa nikikuandikia katika shajara yangu, sentensi mbili tatu, tarehe juu, kawaida yangu ambayo uliicheka miaka yote. Haya ya leo hayakuenea mle. Nataka kukueleza habari za gari lako kwa utaratibu, kwa kuwa tulikaribia kulipoteza, na hakuna aliyekusudia.

Siku ulipolileta naikumbuka vizuri. Ulikuwa umeuza mikoba ya ngozi pale Kariokor tangu ujana, ukasomesha wadogo zako, kisha mwanao, na hukuwahi kujinunulia kitu ambacho mtu angesema ni chako. Halafu ukaja na gari la vijana: la buluu, la chini, lenye turbo na bawa nyuma. Vijana wa kona wakalizunguka.

"Niaje, mzee! Hii chuma inakimbia mbaya. Utatupeleka raundi?"

"Nitawapeleka. Mwenye haraka atashuka atembee."

Nao walicheka, lakini ulisema kweli. Tuta la pale langoni ulilipanda kwa upande, gurudumu moja moja, na nyuma yako watu wanapiga honi hadi wanachoka. Nilikuuliza nguvu zote hizo ni za nini basi. "Inatosha kujua zipo," ukasema. Ukanunua na dhamana ya nyongeza, ukanisomea masharti yake kitandani kwa sauti kama risala: sevisi ifanywe kwa wakati, katika gereji waliyoichagua wao, si kwingine.

Wiki zile za mwisho gari lilianza kugonga mbele, upande wangu. Kila tukipita shimo, ko, ko. Ulizima redio, ukainamisha kichwa kusikiliza. Ulisema ni shoki, zile nguzo za springi zinazomeza mtikisiko, na kwamba utalipeleka gereji ukipata nafuu. Hukupata nafuu.

Baada ya hapo nilikaa eda. Unajua nilivyokaa, maana tuliongea habari hiyo mama yako alipofiwa, ukaniambia, "Wewe utachoka siku ya pili, hujui kukaa." Nilijua. Nilikaa miezi yangu minne na siku zake kumi chumbani na sebuleni, bila kuona lango wala maegesho ya magari. Wanawake wa Majengo walikuja na uji na maneno mazuri. Hakuna aliyetaja gari, nami sikulitaja. Nilijiambia Hamadi mdogo wako analishughulikia, maana funguo zilikuwa mbili na nilidhani mmoja anao yeye.

Siku nilipotoka nililikuta mahali pale pale ulipoliacha. Vumbi limejaa hadi kioo hakionyeshi ndani. Upande wa mbele lilikuwa limeinama, na chini ya gurudumu kuna doa la mafuta. Sikulia mazishini kama nilivyolia pale, Baba Nuru. Mlinzi aliniletea kiti.

Familia ilikutana Majengo, kwa mama yako. Hamadi alikuwa amepata mnunuzi ambaye angelichinja, yaani alivue spea moja moja, injini huku, milango kule, mabaki yauzwe kama vyuma. Hakusema kwa ubaya. Mirathi inataka kugawanywa, na gari bovu halimfai yeyote. Nikaomba jambo moja: dhamana ilikuwa bado na wiki chache za uhai. Wenye dhamana wakiitikia kulitengeneza, libaki nyumbani kwetu, lihesabiwe katika fungu langu na la Nuru. Wakikataa, lichinjwe, nami sitasema neno. Mama yako akasema, "Haya. Hamadi, mpeleke shemeji yako."

Tulilipeleka juu ya gari la kuvuta. Gereji yao ni safi kuliko jiko langu. Karani alikuwa binti mpole, akaandika jina lako, akatazama kompyuta yake muda mrefu.

"Mama, pole. Hapa inaonyesha sevisi iliyopita hamkuileta."

"Nilifiwa na mume, mwanangu. Mwenye gari ndiye huyo. Kwetu mjane hukaa ndani hadi muda wake uishe."

"Pole sana, Mama. Lakini haikuwa lazima ulilete wewe. Hakukuwa na mtu wa kumtuma?"

Mtu alikuwepo. Alikuwa ameketi kando yangu, kofia mapajani. Nikamgeukia.

"Shemeji, kwani ufunguo hukuwa nao?"

"Mimi? Niutoe wapi?"

"Ule wa pili."

"Shemeji, ule wa pili Kaka hakuuachia mtu. Utakuwa katika koti lake." Akajifuta uso. "Nilijua sevisi imefika. Wallahi nilijua. Nilifika hadi mlangoni kwako mara mbili, nikarudi."

"Ukarudi kwa nini?"

"Ningesemaje? Nibishe kwa mjane aliye edani, nidai ufunguo wa gari la marehemu? Mtaa mzima ungesema Kaka hajapoa kaburini, mdogo wake tayari anataka kuendesha. Na wewe ungesema hivyo hivyo."

Ni kweli, ningesema hivyo hivyo. Nilimwazia amesimama mlangoni kwetu, mkono umeinuliwa, kisha anaushusha. Na mimi ndani, hatua chache tu kutoka kwake, namshukuru kimoyomoyo kwa kazi ambayo hakuifanya. Koti lako lilikuwa nyuma ya mlango huo huo. Ni heshima tu iliyotufikisha pale, yake kwangu na yangu kwake, na yetu sote wawili kwako. Karani aliangalia meza. Nadhani alitamani asingeuliza.

Akamwita mkubwa wake, mwanamume wa makamo mwenye mikono ya mtu aliyewahi kufanya kazi ya ufundi. Hakutubembeleza. "Upande wa injini dhamana imekufa, siwezi kuifufua. Miguu ya gari ni habari nyingine. Kama shoki zimekufa zenyewe, tunalipa. Kama zimepigwa kwenye tuta au shimo, hatulipi. Tutalinyanyua tuone."

"Tuta?" Hamadi akaruka. "Huyo ndugu yangu? Bosi, huyo alikuwa akifika kwa tuta anapiga bismillahi, anashusha gia, anapanda kama anapanda ngazi za msikiti. Mimi nilikuwa nashuka naenda kununua maji, narudi, bado hajavuka!"

Binti akacheka, akaziba mdomo. Nami nilicheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu, na nikaona aibu, kisha sikuona.

Walilinyanyua. Niliomba kusogea karibu, wakaniruhusu. Sikuwahi kuliona gari lako kwa chini. Fundi alipitisha taa pole pole, akashika kila chuma, akatikisa gurudumu. Rimu hazikuwa na kovu. Vyuma vinavyoshika magurudumu havikupinda. Hata lile bamba la chini, ambalo kila gari la mtaa wetu limelikwaruza, lako lilikuwa zima. "Huyu mtu alilitunza," fundi akasema, kisha akaonyesha mahali mafuta yalipovujia kwenye shoki zote mbili za mbele, na bushi zake za mpira zilizopasuka. Mkubwa wake akaangalia, akasema tu, "Zimekufa zenyewe. Andikeni."

Jibu la wenye dhamana lilichukua siku nyingi, na siku hizo sikuwa na raha. Mnunuzi alimpigia Hamadi simu kila jioni. Nilipiga pasi nguo zako ambazo hazivaliwi. Ijumaa moja, baada ya swala, Hamadi akaja mwenyewe badala ya kupiga simu. Safari hii alibisha. "Shemeji, wamekubali. Nimemwambia yule wa kuchinja atafute ng'ombe mwingine."

Nisikufiche: kuna vitu vilivyopotea. Injini ikiharibika kesho, ni juu yetu. Nuru anasema atalipeleka kazini mara moja moja tu, na mimi nitakuwa nikilipasha moto. Lakini ni zima, Baba Nuru. Halitakuwa mlango kwa mtu huyu na kioo kwa mtu yule.

Tulipolichukua jana, Hamadi alifungua mlango wa dereva, kisha akazunguka akaketi upande wangu. Mimi ambaye hukunipa usukani wa gari hili hata siku moja, kwa kuwa uliogopa ningependa mwendo, niliketi pale. Kiti kilikuwa mbali na pedali kwa urefu wa miguu yako. Nilikivuta mbele. Nililia kidogo nikikivuta, na Hamadi akaangalia nje ya dirisha.

Barabara ya Kangundo nilikwenda pole pole. Shimoni gari lilizama, likainuka, bila kugonga. Nilipokata kona ya kuingia kwetu, wale wazee wenzako wanaokaa nje ya duka waliona buluu ile, wakasikia mngurumo ule. Walisimama wote. Mmoja aliinua mkono kabla hajafikiri. Kioo kilikuwa cheusi, hawakuona ni nani. Nikasimamisha gari, nikakishusha.

Wakaniona ni mimi. Hawakuketi.

Pumzika, Baba Nuru. Kila baada ya alfajiri nakuombea kabla sijajiombea mwenyewe, na leo nimechelewa kwa sababu ya kukuandikia. Naenda sasa.

Mkeo,
Mama Nuru