Vitambaa Ulivyofunga Uwandani

Mpendwa Bi Raya,

Ni mimi Salma, mtoto wa Maalim. Ulinikuta na miaka tisa ulipokuja kuolewa na baba, miaka miwili baada ya mama yangu kufariki, na ulipoondoka nilikuwa na kumi na miwili. Nasikia bado uko Fundo kwa kaka yako, na kwamba siku hizi macho yanakusumbua. Basi atakayekusomea barua hii namwomba asiruke hata neno moja, hata pale atakapoona aibu kulitamka.

Ningeweza kukuandikia kwa siri, nikaitia karatasi kwenye bahasha na kumpa mtu wa boti. Nimeona haifai, kwa hiyo hii naitoa hadharani, isomwe na wote. Ulisingiziwa mbele za watu, na mimi nilikuwepo. Nikija kukusafisha kwa kunong'ona, waliokusema wataendelea kukusema.

Nianze na safari zetu za miguu, maana hizo nazikumbuka kwa raha. Wewe ulitoka kisiwani Fundo, ukaletwa huku kwetu upande wa Micheweni, kijiji kilichozungukwa na uwanda: mawe makali ya matumbawe, vichaka vya miba na udongo kiganja kimoja kimoja katikati ya mawe. Shamba lako la mwani lilikuwa ufukwe wa mashariki. Watu wote walikwenda huko kwa njia kubwa inayozunguka, saa nzima na zaidi, na maji yakikupwa mapema walifika yamekwisha kurudi. Wewe siku ya kwanza uliyatazama yale mawe, ukafunga kanga kiunoni, ukaniuliza, "Salma, weye waijua njia ya kukatiza hapa?"

Nikasema siijui. Tena nilisema kwa ubaridi, maana sikutaka uniulize kitu chochote.

"Basi twende tukaijue," ukasema, kama mtu anayekwenda dukani.

Tulipotea mara tatu. Ndara yangu moja ikakatika, ukanipa yako, ukaenda mguu mmoja peku huku ukiyatukana mawe kwa adabu. Nilicheka, kisha nikakasirika kwa kucheka. Lakini kesho yake nilikuwa wa kwanza kusimama mlangoni.

Kwa miaka mitatu uwanda ule ulikuwa wetu. Mahala pasipokuwa na jina ulipapa jina. Kulikuwa na lile shimo kubwa lenye mti wa mkungu ulioota chini kabisa, ukisimama ukingoni unagusa majani ya kileleni. Ukasema hapa ndipo mtu mfupi anaporefuka. Kulikuwa na mwamba wa pwani ulioliwa na maji chini pande zote, tukauita Mguu Mmoja. Na lile jabali lenye tundu, ambalo maji yakianza kujaa huvuta pumzi na kukoroma. "Baba yako huyo," uliniambia, "kesha kula kalala." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba alikuwa mtu wa heshima, anasomesha chuo cha Kurani, anasalisha, na hakuna aliyewahi kumtania mbele yangu.

Hata pango la pale uwandani ulinionyesha wewe. Mimi nilizaliwa hapa na nilikuwa sijaingia ndani, kwa kuwa tuliambiwa kuna mzimu. Ulisimama mdomoni, ukasoma Bismillahi, ukanishika mkono tukashuka. Chini kulikuwa na maji matamu, baridi, na mizizi iliyotoboa dari ikafuata maji. Tulinywa kwa viganja. Ulisema Mungu ametia maji safi mahala ambapo watu wametia hofu. Nilikuwa na miaka kumi na nililielewa neno lile, Bi Raya, ndiyo maana siwezi kujitetea.

Vile vitambaa sasa. Maji ya bahari hayana saa moja maalumu. Leo yanakupwa asubuhi, baada ya siku chache yanakupwa adhuhuri. Siku nyingine ilibidi uondoke mimi nikiwa bado chuoni, nami nikufuate baadaye na chakula. Ukaogopa nisije nikapotea. Ukachukua matambara ukayachana vipande, ukafunga kwenye matawi kila mahala njia inapopinda, kuanzia nyuma ya kijiji hadi ufukweni. Kimoja kilikuwa mdomoni mwa pango, kwa sababu pale ndipo njia inapokata kushoto, na ukikosea unaingia miba mitupu.

Nilikwambia, hapa usifunge. Kwetu kitambaa mdomoni mwa pango kina maana moja tu: mtu amekuja kwa mzimu na haja yake. Wewe ulicheka. "Kila ntu ajua miye mke wa Maalim. Nani wa kunidhania?"

Nilivifuata vitambaa vile mwaka mzima na sikupotea hata mara moja. Kisha vikapauka, vingine vikachukuliwa na upepo, ukafunga vipya. Na siku moja nikifika kwenye shimo la mkungu nikakuta kwenye tawi kipande cha kanga ya kijani yenye maua meupe. Kanga ya mama yangu. Uliikuta kwenye robota la matambara chini ya kitanda, ilikuwa imetoboka, hukujua. Aliyeificha pale nilikuwa mimi, nikilala naipapasa kwa mkono.

Sikukwambia. Ungejua ungelia, nakujua. Ungekwenda uwandani kipande kwa kipande ukaikusanya na kuishona. Lakini mimi sikutaka uishone, nilitaka uwe na kosa. Tangu uje nilikuwa natafuta sababu ya kukuchukia na ulikuwa hunipi.

Hazikupita wiki mbili. Shangazi, dada yake baba, alikwenda kuokota kuni, akaona kitambaa kipya pale pangoni. Aliuliza huku na huku, na mtu akamwambia amekuona njia ile. Miaka mitatu umeolewa na hujapata mtoto. Hesabu ikawa rahisi. Mke wa Maalim anakwenda kwa mzimu kuomba mimba. Ilipofika Ijumaa habari ilikuwa imeingia msikitini kabla ya baba.

Unakumbuka ilikuwa baada ya alasiri. Shangazi alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, wamesimama majirani wawili uani, na baba hakuwa amevua kofia. Akakuuliza kama vile vitambaa ni vyako. Ukasema ndiyo, ni vyangu, vya njia, Salma asipotee. Shangazi akaguna. Baba akasema, njia gani hiyo inayopita kwa mzimu? Ukamtazama, ukaona kuwa maneno yako hayatoshi, na hukupandisha sauti.

"Mwulizeni Salma," ulisema. "Yeye ajua."

Wakaniita. Nilikuwa nyuma ya mlango nasikia kila kitu. Baba akaniuliza, Salma, vitambaa hivi Bi Raya anafungia nini?

Nikasema, "Sijui."

Hukubisha. Ulinitazama tu, si kwa hasira, ulinitazama kama unaniuliza umenikosea nini. Nikaangalia chini. Baba akatoa talaka moja pale pale uani, na kabla ya magharibi ulikuwa umefunga vitu vyako. Ulipita karibu yangu ukanirekebisha mtandio kichwani kama ulivyozoea. Nadhani mkono wako ulifanya wenyewe.

Baadaye nilisoma, nikawa mwalimu wa jiografia, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi uwandani kwa miguu. Nawaambia zamani bahari ilikuwa juu, haya yote yalikuwa matumbawe hai. Nawaonyesha shimo la mkungu, nawasubirisha mpaka jabali likorome. Mwaka jana msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, weye ulionyeshwa na nani mahala huku?" Nikamjibu nilijifunza chuo kikuu. Lilinitoka hivyo hivyo, bila kufikiri. Nilikaa kwenye jiwe nikajifanya natoa mwiba.

Mara mbili nimefika Wete bandarini kuja kwako. Mara ya kwanza boti ilikuwa inajaza watu, nikajiambia imejaa. Mara ya pili haikuwa imejaa, nikanunua samaki nikarudi nyumbani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama baba. Amezeeka, haendi tena msikitini bila kushikwa mkono, lakini akili iko sawa. Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimekata shauri kumweleza, maana niliona anaweza kufa akiamini kuwa mkewe alimshirikisha Mungu, na hilo nimeliweka mimi kifuani mwake. Nikamweleza yote, kanga, vitambaa, njia, na lile neno langu. Nilikuwa nalia kiasi cha kukosa sauti.

Baba akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Najua, mwanangu."

Nikafikiri hakunisikia vizuri.

"N'lijua tangu siku zile," akasema. Wiki moja baada ya wewe kuondoka alikwenda uwandani peke yake, ili akavitoe na kuvichoma. Akatoa cha pangoni. Akaona kingine mbele, na kingine, akavifuata akivitoa hadi akajikuta amesimama mchangani mbele ya vigingi vyako vya mwani. Alikuwa na kipeto cha vitambaa mkononi, na amekwisha fahamu kila kitu.

Nikamwuliza, baba, eda ilikuwa haijaisha. Ilikuwa talaka moja. Ungeweza kumrejea.

"N'liona haya," akasema. "Watu washasema, na miye n'shatoa talaka mbele yao. Ningewaambiaje?"

Nilimwomba awaambie sasa. Akasema, "Yaache, Salma. Yashapita." Nikamwambia kwako hayajapita, kwani hadi leo ukitajwa kijijini unatajwa kama yule mwanamke wa pangoni, na wanaokutaja hivyo wengine hata hawajawahi kukuona. Akaniomba maji, nikampa.

Atakapojua nimeandika haya atakasirika, na ana haki ya kukasirika, na mimi bado ni binti yake, nitakwenda kumfulia kanzu kama kawaida. Lakini sikuweza kumsitiri yeye na kukuacha wewe. Kwa hiyo nasema kwa jina langu, na kila mtu wa kwetu asikie: Bi Raya hakwenda kwa mzimu. Alimwekea mtoto wa mwenzake alama asipotee, na yule mtoto alijua, na baba wa mtoto alijua.

Alhamisi ijayo nitapanda boti Wete. Sitasema imejaa. Ukiamua usinifungulie, nitakaa kidogo nje halafu nitarudi, sitagonga mara ya pili.

Nikifunguliwa, ombi langu ni moja tu. Yule mtoto wa miaka kumi na miwili, msamehe. Alikuwa na uchungu wa mama yake na hakujua neno dogo linaweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Lakini mimi nina zaidi ya arobaini sasa. Nimekuwa mtu mzima miaka mingi kuliko niliyokuwa mtoto, na kila siku ya miaka hiyo ningeweza kusema najua, nikanyamaza. Huyu sikuombi umsamehe. Nataka tu umtazame usoni, na safari hii hataangalia chini.

Mwanao wa kambo,
Salma