Fimbo Hazikuniingia, Shangazi

Na lile neno lako la mlangoni, Shangazi, siku unarudi Kilolo baada ya harusi yangu, sikulijibu kwa sababu nilikuwa na wageni. Ulisema, "Huyu mdogo wako Neema nimemchoka. Shule ikifungwa mwezi ujao simrudishi, anakwenda Makongolosi kuosha vyombo kwa mama ntilie. Kichwa chake hakishiki kitu. Wewe angalau fimbo zilikuingia."

Wageni wameondoka. Sasa nakujibu, tena wazi, maana mashangazi wa aina yako ni wengi.

Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo wewe hukuniandalia. Mbeya ni baridi, lakini mume wangu ameniwashia jiko la mkaa hapo kibarazani, na kila akipita ananiita "mke wangu" kwa sauti mpaka majirani wanachungulia. Nampenda mpaka nacheka peke yangu. Usidhani mapenzi yamenipoza. Yamenipa nguvu ya kusema.

Juzi alinifundisha pikipiki. Alieleza klachi, akaeleza gia, nikaitikia tu bila kuambulia kitu. Nikasubiri lile jina ulilozoea kuniita wewe: zezeta. Yeye akauweka mkono wangu kwenye klachi, wake juu ya wangu, tukaachia taratibu. Pikipiki ikaondoka! Akacheka, "Kumbe mke wangu unasikia kwa vidole!" Nikalia. Maskini, akadhani nimeungua na ekzosi.

Nililia kwa kukukumbuka wewe. Wazazi wetu walipofariki ukatuchukua, na kila jioni ulisuka vikapu vya nyasi za milulu huku ukiniuliza, umenipa mgongo, "Saba mara nane?" Nikikosa, fimbo. Kisha unanipa kikapu nilichosuka mwenyewe nikifumue chote. "Kusuka ni kwa wenye akili." Kila ua la kikapu kile lilikuwa na milulu saba, Shangazi. Nilifumua saba, nyingine saba, nyingine saba, machozi yakinitoka, na hapo ndipo hesabu ziliponikaa. Nilipofaulu ukatamba kanisani kwamba ni kazi ya fimbo zako. Siyo. Ni vidole vyangu.

Na Neema ni vilevile, nawe umeona kwa macho yako. Siku ya harusi alikuwa nyuma ya turubai akipanga chupa tupu za soda kwenye kreti. Nikainama na shela langu, nikamuuliza, "Nne mara sita?" Akapitisha kidole juu ya chupa, safu kwa safu.

"Ishirini na nne, dada. Na makreti mawili ni arobaini na nane. Nilete la tatu?"

Akina mama wa jikoni walimpigia vigelegele kuliko walivyonipigia mimi bibi harusi. Wewe ukamvuta sikio. "Hesabu ni za kichwani, siyo za kuchezea chupa! Haya, nne mara sita?" Akabaki kuuangalia mkono wako. Ukasema, "Mnaona?" Ndiyo, tuliona. Tuliona mtoto anayejua, na mtu mzima anayemtisha mpaka asahau.

Siku zote umemfundisha ukiwa umempa mgongo. Ungegeuka mara moja tu ukatazama mikono yake.

Nilianza kumweleza mume wangu habari za Neema, hata sijamaliza akauliza, "Kitanda chake kikae upande gani?" Nilimbusu papo hapo, mbele ya fundi seremala aliyekuwa akitutengenezea kabati, na sijutii.

Kwa hiyo nguo zake usizifunge kwa safari ya Makongolosi. Shule ya huku imekubali kumpokea. Salamu zangu zote ni za Neema. Wewe bakia na vikapu vyako. Na kama unabisha, tutabishana ana kwa ana: kabla mwezi huu haujaisha mimi na mume wangu tutakuwa mlangoni pako na kreti tupu la soda, umuulize Neema unachotaka, na tukiondoka tunaondoka naye.

Mimi, mtoto wa kaka yako, mfumuaji wa vikapu.