Kichupa cha Mate Ulichokirudisha

Shamba la Rietkuil,
S.L.P. 41,
Williston,
Afrika Kusini.
3 Agosti 2025

Mpendwa Mama Mkwe,

Nakusalimu kwanza, maana kwetu tulifunzwa kumsalimu hata aliyetukosea. Goti lako linaendeleaje huko Perth? Wifi Marlize aliniambia limepona kabisa. Basi posta unaweza kwenda. Sisi huku tunapumua. Kondoo tumeshawanyoa, na baridi ya mwaka huu imegandisha maji mpaka ndani ya mabomba.

Mjukuu wako Lenie ametimiza miaka tisa na anakula vizuri, ila macho. Juzi alinishika mashavu akasema, "Mama, nywele zako naziona, kidevu nakiona, hapa katikati hamna mtu." Nikacheka naye. Halafu nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Sasa nije kwenye kichupa. Kimerudi jana, hata karatasi ya gundi hujaibandua. Juu kimeandikwa kirudishwe kwa aliyekituma. Nilikuomba mate tu, Mama. Mate.

Nasikia umewatangazia ndugu wote kwamba nimemgeuza mtoto wa marehemu mwanao Gawie kuwa mbuzi wa maabara. Na kwenye simu uliniuliza, "Unataka wamjaze mafuta machoni kama andazi?" Siku ile nilikuaga kwa heshima. Leo heshima imeniishia.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini daktari wa Cape Town alinieleza mara tatu, na ya tatu nikaelewa. Jeni moja ya macho ya Lenie ina kasoro. Wanataka kumwingizia iliyo nzima. Kwa magonjwa mengine jeni hubebwa na virusi vilivyoondolewa ubaya, ila hii ni ndefu mno, ni kama kupakia ng'ombe kwenye toroli. Ndiyo maana wanaifunga ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata huwezi kuvifikiria, na jicho linavimeza lenyewe. Hakuna kirusi hapo. Wala hakuna andazi.

Ni majaribio, hakunificha. Kilichokwisha kufa hakirudi. Lakini kilichobaki huenda kikabaki. Hiyo "huenda" nimeishika kwa mikono miwili, na wewe unanibandua vidole kimoja kimoja.

Kwenye jeni hiyo Lenie ana kasoro mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Moja wameiona kwangu, na sikuona haya kuambiwa. Ya pili lazima wathibitishe imetoka upande wa baba yake, ndipo wamwandikishe. Gawie yuko kaburini, na baba mkwe pia. Kwa wazazi wake umebaki wewe. Orodha inafungwa tarehe thelathini mwezi huu.

Unasema kwenu hakujawahi kuwa na kipofu. Na marehemu baba yako, mzee Fanie? Alikuwa akipita watu barabarani bila salamu, na ukisimama mbele yake anakutazama begani. Mkasema huo ndio ukubwa wa ukoo wenu wa kina Steenkamp. Mpaka leo hapa Williston mtu asiyesalimu anaambiwa anaringa Kisteenkamp. Mkawafunza na watoto kwamba Steenkamp hamkodolei mtu macho. Mama, yule mzee hakuwa na maringo. Alikuwa haoni nyuso. Kondoo wake aliwajua kwa milio, na watu wake hakuwajua mpaka waseme. Mmejivunia ugonjwa miaka sitini.

Nilidhani ni ukaidi tu. Lakini jana nilikiangalia kile kichupa vizuri. Mwandiko ni wa Marlize. Kadi ya Krismasi, mwandiko wa Marlize. Kwenye simu ya picha unaongea na Lenie huku unatazama pembe ya dari, na Pasaka ulimsifia gauni jekundu, naye amevaa sweta la bluu. Tangu lini, Mama? Unaogopa kichupa kitasema ya kwako. Ningekuhurumia, na nikipata nafasi nitakuhurumia, lakini siwezi kuliacha jicho la mtoto lizimike ili wewe uendelee kuonekana unaringa.

Kichupa kingine kimo humu humu ndani ya bahasha. Usile kitu nusu saa kabla ya kutema mate.

Na wewe wifi Marlize, najua ndiwe unayemsomea barua hii, na najua hapa umeshapunguza sauti. Usiruke mstari. Msomee yote, hata ya ukali. Akikasirika, mwache akasirike, mdomo ukiwa wazi mshikie kichupa. Kisha mpeleke kwa daktari wa macho wa huko, asikae gizani peke yake kwa sababu ya jina la ukoo.

Nisalimie shemeji Neels na wanawe. Lenie anakubusu, bibi yake. Hilo ni lake, mimi sijamtuma. Mungu akulinde, Mama, na akulegeze taya.

Wako akupendaye kwa shida,

Dorie, mama yake Lenie